Kauvimbe Kadogo na Maneno Mengine ya Daktari wa Saratani

Daktari aliyempokea mama mdogo alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba wake. Alimwamkia, "Shikamoo mama," akamsogezea kiti, akafungua faili, kisha akanyamaza kidogo. Alipoanza kusema, alisema majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yamerudi, na kwamba kuna kauvimbe kadogo kwenye mlango wa kizazi. "Ila tumeona ni vizuri ukaonwe na wenzetu wa Ocean Road, wao wana vifaa zaidi."

Mama mdogo akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Mimi nilidhani mtaniambia kansa."

Hakuna aliyemsahihisha, ingawa Ocean Road, Dar es Salaam, ni taasisi ya saratani. Daktari alirudi kwenye faili lake, mimi nikatazama sakafu. Nilikuwa nimeshaiona karatasi. Wiki kadhaa kabla, kwenye fomu ya kuombea kipimo, daktari huyohuyo alikuwa ameandika herufi mbili, C na a, na mbele yake kiulizo. Kiulizo kile ni mwandiko wa kawaida hospitalini: maana yake tunashuku, tunataka maabara itujibu. Ca ni kifupi cha kasinoma, jina la kundi kubwa kuliko yote la saratani. Siku ile kwenye fomu ya rufaa herufi zilikuwa zilezile mbili, lakini kiulizo hakikuwepo.

Safari ya mama mdogo ilichukua miezi mingi baada ya hapo, nami nikawa msindikizaji na mkalimani wake. Nilianza nikiamini tatizo la lugha ya madaktari ni yale majina marefu ya Kigiriki na Kilatini. Nikagundua sivyo. Neno gumu lina faida moja: ukilisikia unajua hukulielewa, kwa hiyo unauliza. Maneno yaliyotuponza sisi ni mepesi mno. Uvimbe. Hatua. Chanya. Umeendelea. Umetulia. Tiba. Haya tunayo nyumbani, tunayatumia kila siku, na daktari naye anayatumia kila siku, ila mfukoni mwake yana maana nyingine. Kila mmoja anatoka chumbani akiamini wameelewana.

Nianze na kauvimbe chenyewe. Kitaalamu, uvimbe ni seli zilizozaliana kupita kiasi na kujikusanya mahali. Kuna uvimbe unaokaa pale pale ulipoota, kama zile faibroidi za kizazi ambazo wanawake wengi wanazo, na kuna unaopenya nyama za jirani na kutuma seli zake mbali kupitia damu au limfu, yale majimaji yanayozunguka mwilini kwa mishipa yake. Huu wa pili ndio saratani. Kwa hiyo daktari aliyesema "uvimbe" hakusema uongo. Alichagua neno linalobeba yote mawili, akaacha msikilizaji achukue analolitaka. Na nani atachukua baya kama zuri lipo mezani?

Tusimlaumu kijana peke yake. Kuficha jina la ugonjwa huu kulikuwa kawaida hata kwenye nchi zinazosifiwa leo kwa uwazi. Mwaka 1961 Donald Oken, daktari wa magonjwa ya akili, alichapisha majibu ya madaktari wa hospitali moja ya Chicago walioulizwa kama humwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Asilimia 90 walipendelea kutomwambia. Mwaka 1979 wengine walirudia dodoso hilohilo nchini Marekani, na safari hii asilimia 97 walipendelea kumwambia. Chini ya miaka 20 desturi ilipinduka kichwa chini miguu juu. Dawa zilikuwa zimeongezeka, na huwezi kumpa mtu dawa inayomwangusha nywele na kumtapisha wiki nzima bila kumwambia inatibu nini. Sheria nazo zilikuwa zimeanza kudai ridhaa ya mgonjwa mwenyewe.

Kwetu kuna ukuta mwingine, nao ni ndugu. "Umekuja na nani, mama?" Swali hilo linasikika kama la adabu tu, lakini mara nyingi ndio mlango ambao habari itapitia: ndugu anaitwa pembeni, anaambiwa, kisha ndugu ndiye anayeamua mgonjwa aambiwe nini. Nia ni njema. Matokeo yake ni mtu anayetibiwa ugonjwa ambao ukoo mzima unaujua isipokuwa yeye, na siku anapoufahamu, anaufahamu kwa kusoma bango la ukutani akiwa kwenye foleni.

Jina lenyewe halina ukali wowote. Saratani ni Kiarabu, maana yake kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wanaofuata unajimu wanalijua siku zote: Saratani ni ile nyota ya kaa inayokuja baada ya Jauza. Waganga wa Kigiriki, Hippocrates akiwa mmoja wao, ndio waliouita ugonjwa huu kaa, Warumi wakatafsiri kwa Kilatini ikawa kansa, Waarabu nao wakatumia neno lao. Kwa hiyo Mswahili anayesema kansa na anayesema saratani wote wanataja mnyama yuleyule, mmoja amepitia Roma na mwingine Baghdad. Bado nimesikia watu wakibishana kwamba "kansa ndiyo ile kali, saratani ni nafuu kidogo." Hakuna tofauti hata chembe.

Baada ya jina la jumla huja majina ya koo. Kasinoma huanzia kwenye tabaka zinazofunika viungo kwa nje au kuvitandika kwa ndani: ngozi, titi, umio, mlango wa kizazi. Sakoma huanzia kwenye mifupa, misuli na mafuta. Limfoma ni ya mfumo wa limfu, na lukemia ni ile tunayoiita saratani ya damu. Inaweza kuonekana ni ubishi wa wasomi, lakini jina likikosewa, matibabu nayo hupotea njia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa kutisha kwenye mataya ya watoto wa Uganda, akauita sakoma. Kisu hakikufua dafu. Miaka michache baadaye ikathibitika kuwa ni limfoma, na limfoma ya aina ile huyeyuka kwa dawa. Watoto waliokuwa wakipelekwa kukatwa taya wakaanza kupewa dawa, na wengine wakapona. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapo Mulago kituo cha kutibu limfoma hizo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Turudi kwa mama mdogo. Majibu kamili yalipotoka yalisema hatua ya tatu, daraja la pili. Nikampigia simu mjomba, kaka yake, nikamsomea. Kimya. Halafu mjomba akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata tumaini: "Kwa hiyo ilikuwa tatu, sasa imeshuka mbili?"

Nilitaka kucheka, ila kosa la mjomba lina mantiki yake. Kwenye shule zetu, hatua na daraja ni karibu kitu kimoja. Kwa daktari ni vitu viwili kabisa. Hatua inajibu swali: ugonjwa umefika wapi? Inapimwa kwa ukubwa wa uvimbe, kama umeingia kwenye tezi za limfu, na kama umehamia viungo vya mbali. Mfumo huo wa mambo matatu ulitungwa na mpasuaji wa Kifaransa, Pierre Denoix, miaka ya 1940, na saratani nyingi bado hupimwa kwa huo. Daraja linajibu swali jingine: seli hizi zina tabia gani? Mtaalamu wa patholojia anazitazama kwa darubini. Zikiwa bado zinafanana na seli za asili za kiungo kile, daraja ni la chini. Zikiwa zimeparaganyika hata hujui zilitoka wapi, daraja ni la juu, na kawaida hukimbia zaidi. Hatua ni umbali mwizi aliokwisha kwenda. Daraja ni kasi ya miguu yake.

Neno "hatua" linatudanganya kwa namna nyingine pia. Tunasikia ya tatu kati ya nne na tunapiga hesabu ya robo: robo tatu ya mtu imekwisha. Lakini hatua hazina vipimo sawa kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Saratani ya korodani haina kabisa hatua ya nne, inaishia ya tatu, na wengi wa wanaoanza matibabu wakiwa kwenye hatua hiyo hupona. Katika saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu inaweza kumaanisha uvimbe umefika ukuta wa nyonga, au umebana mrija wa mkojo mpaka figo ikajaa. Ni hali nzito. Hata hivyo ugonjwa bado uko ndani ya eneo ambalo mionzi inaweza kulifikia, na mara nyingi mgonjwa huanzishiwa mionzi ya nje, mionzi ya ndani na dawa ya dripu ya kila wiki kwa lengo la kumponya kabisa. Mama mdogo alikuwa kwenye kundi hili. Ilituchukua wiki mbili kulifahamu hilo, kwa sababu baada ya kusikia "tatu" hatukusikia kingine.

Na hatua haibadiliki. Hili linawashangaza wengi. Mtu aliyeandikiwa hatua ya pili, ugonjwa ukirudi miaka mitatu baadaye kwenye mifupa, faili lake litaendelea kusema: saratani ya titi hatua ya pili, imerudi, imesambaa kwenye mifupa. Haiwi saratani ya mifupa. Seli zilizoko kwenye mfupa ni seli za titi zilizohama, na dawa zitakazochaguliwa ni za saratani ya titi. Ndugu wasiolijua hili huja juu: "Mbona anaumwa mifupa mnampa dawa za matiti?"

Wanaume wana mtego wao. Kwanza jina: utasikia "mzee ana tezi dume," kana kwamba ni ugonjwa. Tezi dume kila mwanamume anayo tangu tumboni mwa mama yake. Inaweza kukua tu kwa umri, jambo la kawaida kabisa, na inaweza kupata saratani. Watu hutumia neno moja kwa yote matatu. Kisha zinakuja alama za Gleason, zilizotungwa na daktari wa Kimarekani Donald Gleason katika miaka ya 1960. Mtaalamu huangalia sura mbili za seli zilizotawala kwenye kinyama, kila moja anaipa alama ya 1 hadi 5, anajumlisha. Kinadharia unaanzia 2. Kiutendaji, siku hizi alama ya chini kabisa inayotolewa ni 6. Mzee anaambiwa "sita kati ya kumi" na anaona amepita nusu ya njia ya kaburini, kumbe amepewa habari njema kuliko zote zilizokuwepo kwenye mizani hiyo. Wataalamu wenyewe waliona aibu, wakakubaliana mwaka 2014 kuweka makundi mapya ya 1 hadi 5, ambapo ile 6 ya zamani inakuwa kundi la 1. Karatasi nyingi huandika vyote viwili, kwa hiyo ukikabidhiwa majibu, uliza unasomewa mizani ipi.

Sasa chanya na hasi. Masikio yetu yamelelewa na UKIMWI. Kwa kizazi kizima, chanya ilikuwa hukumu na hasi ilikuwa kufunguliwa kwa gereza. Kwenye saratani maneno haya yanageuka kila ukurasa. Mwanamke akienda kupimwa mlango wa kizazi kwa njia ya siki, muuguzi anapaka siki nyepesi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kama kuna sehemu iliyobadilika kuwa nyeupe. Ikiwepo, anaandika chanya. Hiyo si saratani. Huenda ni mabadiliko ya awali ya seli, ambayo yakiachwa miaka mingi baadhi yake yangeweza kuwa saratani, na yanaweza kuondolewa palepale kwa kugandishwa au kuunguzwa kidogo, na mama akaenda zake nyumbani jioni ile ile. Kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, nacho kikiwa chanya, maana yake kirusi kipo; wengi mwili huwaondolea wenyewe ndani ya miaka miwili. Nawajua wanawake waliosikia "chanya" na hawakurudi tena kliniki. Walikimbia matibabu ya nusu saa kwa kuogopa neno.

Baada ya upasuaji, daktari anaposema "kingo ni hasi," ndugu hushika vichwa, wakati angetegemea wapige vigelegele: kingo za nyama iliyokatwa hazina seli za saratani, imetoka yote inayoonekana. Kwenye saratani ya titi, kuwa HER2 chanya maana yake seli zina vipokezi vingi vya aina fulani vinavyozihimiza kukua. Zamani hiyo ilikuwa habari mbaya tupu. Tangu dawa ya trastuzumab ipitishwe Marekani mwaka 1998, vipokezi hivyo vimekuwa pia shabaha, na anayeipata dawa hiyo ana nafasi ambayo hakuwa nayo. Kwa hiyo neno chanya peke yake halikuambii kitu. Chanya ya nini?

Neno nililolipenda kuliko yote, kwa ubaya wake, ni hili: "Ugonjwa umeendelea." Kiswahili chetu kimelipa neno kuendelea nguo nzuri. Nchi zilizoendelea. Maendeleo ya mtoto shuleni. Mgonjwa anaendelea vizuri. Kisha unaambiwa ugonjwa umeendelea, na kwa sekunde moja hujui ufurahi au ulie. Nilimwona mzee mmoja kwenye benchi akimwambia mwenzake kwa furaha kwamba picha zinaonyesha maendeleo. Sikuwa na moyo wa kumuuliza maendeleo ya nani.

Nyuma ya neno hilo kuna rula. Tangu mwaka 2000 kuna kanuni za kimataifa ziitwazo RECIST, zikarekebishwa mwaka 2009, ambazo zilitungwa kwa ajili ya majaribio ya dawa lakini msamiati wake umeenea hadi kliniki. Daktari huchagua vinundu kadhaa kwenye picha ya CT, anapima kipenyo cha kila kimoja, anajumlisha. Tuseme jumla ya kwanza ni milimita 100. Ikishuka hadi 70 au chini, yaani ikipungua kwa asilimia 30, husemwa ugonjwa "umeitikia kwa sehemu." Vikitoweka vyote, "umeitikia kikamilifu." Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, "umeendelea." Kilichobaki katikati kinaitwa "umetulia."

Angalia hesabu hiyo inavyochekesha. Mama ambaye jumla yake imetoka 100 hadi 75 amepungukiwa na robo ya jumla hiyo, lakini kwa rula hii ametulia tu. Baba aliyetoka 100 hadi 115 naye ametulia, ingawa uvimbe wake umekua. Wote wawili wanaandikiwa neno moja. Na kuna linalouma zaidi. Kuendelea hakupimwi kutoka mwanzo, hupimwa kutoka pale ulipowahi kuwa mdogo kabisa. Mtu akishuka kutoka 100 hadi 60, kisha akapanda hadi 72, picha yake bado ni nafuu kuliko siku aliyoanza, lakini kwa kanuni ugonjwa umeendelea, na dawa huenda ikabadilishwa. Ndugu wanabaki na swali la haki kabisa: mbona amepata nafuu na mnamwachisha dawa? Jibu ni kwamba daktari hatazami uvimbe ulipo, anatazama unakoelekea. Ni jibu zuri. Tatizo ni kwamba halitolewi.

Kuna msemo mwingine wa madaktari wa Kiingereza ambao wetu wameurithi: mgonjwa "amefeli dawa." Dawa imeshindwa kumsaidia, na aliyefeli mtihani anakuwa yeye. Ni ndugu wa ile lugha ya vita, ya mapambano, mashujaa na walioshindwa, ambayo ilipata nguvu pale Rais Nixon aliposaini sheria ya saratani mwaka 1971 na watu wakaiita tangazo la vita. Matangazo yetu ya vifo yana desturi yake ya kale na mimi naiona ina heshima zaidi: "amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu." Inaficha jina, ni kweli, lakini haimwiti marehemu mshindwa.

Halafu zinakuja namba, na hapo ndipo watu hukata tamaa kabla ya wakati. Daktari akibanwa, "Nina muda gani?", anaweza kutoa namba ya kati. Pangeni wagonjwa mia wenye ugonjwa kama wenu kwa urefu wa maisha yao baada ya kugunduliwa. Aliye katikati ya mstari aliishi miezi minane. Basi wanasema miezi minane. Wengine husikia: utakufa mwezi wa nane. Lakini nusu ya mstari iko mbele ya yule wa katikati, na kwa kawaida mkia wa mbele ni mrefu sana kuliko wa nyuma, maana nyuma huwezi kwenda chini ya sifuri. Stephen Jay Gould, mwanabiolojia wa Harvard, aliambiwa mwaka 1982 ana mesothelioma ya tumbo, saratani ambayo namba yake ya kati ilikuwa miezi minane hiyohiyo. Alikuwa mtu wa takwimu, akajua pa kuangalia: umri wake, afya yake, matibabu mapya, vyote vilimweka upande wa mkia mrefu. Aliishi miaka 20, akafariki mwaka 2002 kwa saratani nyingine. Wengi hawana bahati hiyo. Ila namba iliyomhusu yeye na namba iliyowahusu wao ilikuwa moja.

Neno la mwisho la kutazama ni tiba. Tunasema "anapata tiba" na tunaelewa atapona. Kwa daktari wa saratani kuna maswali mawili tofauti: tunatibu ili kuondoa, au tunatibu ili kupunguza? Mashine ya mionzi ni ileile, foleni ileile, dripu ileile. Mtu mwenye saratani iliyohamia kwenye mfupa anaweza kupewa mionzi siku moja tu, na wengine wakanong'ona kwamba hospitali imemtupa. Hapana. Kwa maumivu ya mfupa, dozi moja kubwa huondoa maumivu karibu sawa na dozi nyingi ndogo, na inamwokolea mgonjwa nauli na siku za kulala ugenini. Huduma ya namna hii inaitwa tiba shufaa. Mwislamu akilisikia neno hilo anakumbuka uombezi wa siku ya Kiyama, na wapo wanaodhani ndiyo hatua ya kusomewa Yasini. Jina lake la Kiingereza, palliative, linatokana na neno la Kilatini la joho, vazi la kumfunika mtu baridi isimpige. Morfini ya kunywa, dawa ya kichefuchefu, mtu wa kuzungumza naye: joho hilo linaweza kuvaliwa tangu siku ya kwanza, hata na anayetibiwa ili apone. Mama mdogo alilivaa, nyama za ndani zilipoungua kwa mionzi hata kukaa kitini akawa hawezi.

Daktari wake wa pili ndiye aliyenionyesha kwamba inawezekana. Aliuliza kabla ya kueleza, "Mama, mpaka sasa wewe unauelewaje ugonjwa wako?" Baadaye nilikuja kujua kwamba ni hatua inayofundishwa, sehemu ya utaratibu wa hatua sita uliochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao, wa namna ya kutoa habari mbaya. Kwa mgonjwa wa kwetu swali hilo lina walakini wake.

"Mimi nitajuaje, baba? Si wewe ndiye daktari?"

Hakukasirika. Akasubiri. Mama mdogo akazungusha pete kidoleni. "Waliniambia kauvimbe."

"Ungependa nikueleze mwenyewe, au nizungumze na kijana wako huyu?"

"Nieleze mimi. Huyu hata panadoli huhesabu mara mbili."

"Ni saratani ya mlango wa kizazi, mama." Akanyamaza tena, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno.

"Basi endelea," alisema mama mdogo, "ila sema polepole, nataka nikawaambie nyumbani."

Baada ya mionzi ya nje, ya ndani na dripu zake zote, tulirudi kwa uchunguzi. Daktari alimpima, akatazama picha, akatabasamu: "Mama, hakuna dalili za ugonjwa."

Mama mdogo hakutabasamu. Alikuwa ameshakaa kwenye mabenchi yale miezi ya kutosha. "Hakuna dalili, au hakuna ugonjwa?"

Daktari akavua miwani. Alimweleza kwamba picha haiwezi kuona kundi dogo la seli, ndiyo maana hawasemi umepona siku hiyo. Kwamba wataendelea kumwangalia kila baada ya miezi mitatu, baadaye sita, na kwamba miaka ikipita kimya neno lenyewe litakuja. Akaandika tarehe kwenye kadi.

Ndani ya daladala simu iliita, mjomba. Mama mdogo akaipokea kwa sauti iliyomfanya konda ageuke.

"Wameitafuta, hawajaiona. Hapana. Sijasema imekwisha, nimesema hawajaiona. Elewa maneno, kaka."